Usaili wa grini kadi ya ndoa: someni faili lenu kabla ofisa hajawasomea

Wanandoa wengi wanaosubiri usaili wa grini kadi huhangaika na vitu visivyo na uzito. Wanakaririshana rangi ya mswaki, upande wa kitanda, jina la mwalimu wa darasa la kwanza. Wakati huohuo nakala za fomu walizozipeleka zimelala kwenye droo, hazijafunguliwa tangu zitiwe sahihi. Hapo ndipo mambo huharibikia. Ofisa wa USCIS, idara ya Marekani inayoshughulikia uraia na uhamiaji, huwa na faili lenu mezani kabla hamjakaa: fomu I-130 ya raia anayemwombea mwenzake, fomu I-485 ya mwombaji, hati ya udhamini I-864, ripoti ya afya I-693, na mara nyingi maombi ya viza ya miaka ya nyuma. Kazi yake siku hiyo ni kulinganisha kinachotoka midomoni mwenu na kilichoandikwa humo.

Maelezo haya yanawahusu wanandoa walioko Marekani, mmoja akiwa raia wa nchi hiyo na mwenzake akiomba ukaazi wa kudumu bila kutoka nje. Hao huitwa pamoja kwenye ofisi ya USCIS ya eneo wanaloishi. Anayesailiwa ubalozini yuko kwenye njia nyingine. Kwa kawaida huingia peke yake, na mwenzake aliye Marekani halazimiki kuwepo.

Barua ya wito

Wito huja kwa fomu I-797C. Una tarehe, saa, anwani ya ofisi na orodha ya vitu vya kubeba. Kila mmoja aisome hadi mstari wa mwisho, kwa kuwa barua hazifanani zote. Mkihama kabla ya tarehe hiyo, sheria inamtaka mgeni atoe taarifa ya anwani mpya ndani ya siku 10, na njia yake ni fomu AR-11. Kuwaarifu watu wa posta peke yake hakutoshi. Waliopuuza hili hukosa usaili bila hata kujua kwamba waliitwa, na ombi la asiyetokea bila kuomba tarehe nyingine huhesabiwa kuwa limetelekezwa, kisha hukataliwa. Kukiwa na ugonjwa au msiba, ombeni tarehe mpya kabla ya siku yenyewe na mhifadhi ushahidi kwamba mliomba. Ila msibadilishe tarehe kwa sababu ndogo. Foleni ni ndefu.

Yale mliyokwisha kuyaandika

Tengeni jioni moja, wote wawili, mpitie nakala ya kila fomu mstari kwa mstari. Raia asome fomu ya mwombaji, na mwombaji asome ya raia. Humo mna anwani za miaka 5, kazi za miaka 5, majina na tarehe za kuzaliwa za wazazi wa pande zote mbili, na idadi ya ndoa za kila mmoja. Chukueni karatasi mwandike kila kilichobadilika tangu mpeleke: kazi mpya, nyumba mpya, mtoto aliyezaliwa, safari, faini ya barabarani. Mwandike pia kila mlichokosea. Ofisa hupitia fomu hizi pamoja nanyi kalamu ikiwa mkononi, na mwishoni mwombaji hutia sahihi kuthibitisha masahihisho. Ukisema mwenyewe kwamba mwezi uliandikwa vibaya, atarekebisha na kuendelea. Akiligundua yeye kosa hilohilo huku wewe ukishikilia kwamba fomu iko sahihi, linageuka kuwa swali la uaminifu wako.

Kuna karatasi ambazo wengi husahau kwamba zipo. Ya kwanza ni fomu ya viza iliyokuleta. Mtu alipoomba viza ya utalii au ya masomo, aliyemjazia fomu alimwambia aandike ameoa, ili aonekane ana kinachomrudisha nyumbani. Leo kwenye I-130 imeandikwa hajawahi kuoa. Ya pili ni bahati nasibu ya viza: wapo walioingizwa na rafiki wakiwa wameandikiwa mke au mume wasiyemfahamu. Ya tatu ni faili la ukimbizi au la kuomba hifadhi, ambako familia nzima iliorodheshwa, mara nyingine na watoto wa ndugu wakihesabiwa kama wa kuzaa. Kumbukumbu hizi zinaweza kuwa mbele ya ofisa. Sheria ya uhamiaji inamfungia milele mtu aliyedanganya jambo la msingi ili kupata viza au manufaa mengine ya uhamiaji, ingawa upo msamaha unaoombwa kwa fomu I-601, ambapo lazima kuonyeshwa kwamba mke au mume aliye raia, au mzazi aliye raia au mkaazi wa kudumu, ataumia kupita kawaida. Kama kuna kitu cha namna hii kwenye historia yenu, mwambieni wakili wiki kadhaa kabla. Wakili anayekisikia kwa mara ya kwanza akiwa ameketi kando yenu mbele ya ofisa hana la kuwasaidia.

Tarehe ya ndoa nayo huangusha watu, na kwetu hilo linaeleweka. Mahari ilipelekwa Machi, nikaha ikafungwa Juni, cheti cha serikali kikatoka Agosti. Mume akiulizwa anataja Juni kwa sababu ndiyo anayoisherehekea. Mke anataja Agosti kwa sababu ameiona kwenye cheti. Hakuna aliyedanganya, lakini ofisa amesikia majibu mawili kwa swali moja. Angalieni ni tarehe ipi iliyo kwenye fomu, na mkiulizwa mseme zote na kila moja ilikuwa ya nini.

Ndoa yenyewe kisheria

Kanuni ya msingi ni kwamba ndoa iliyo halali mahali ilipofungwa inatambuliwa na uhamiaji wa Marekani. Yapo mambo yanayoivunja kanuni hiyo. Ndoa ya mitala haitambuliwi, hata kama nchi ilikofungwa inairuhusu. Ndoa ambayo bwana au bibi harusi hakuwepo, iliyofungwa kwa wakala au kwa simu, inakubalika tu ikiwa wawili hao walikutana kimwili baada ya sherehe. Kuishi pamoja kabla ya sherehe hakuhesabiki. Kwa hiyo waliooana kwa njia hiyo wabebe mihuri ya pasipoti, tiketi na mkataba wa nyumba vinavyoonyesha walikuwa mahali pamoja baada ya tarehe ya ndoa.

Talaka ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Kila ndoa ya nyuma, ya mume na ya mke, lazima iwe na hati ya kuonyesha iliishaje: hukumu ya mahakama au cheti cha kifo. Talaka ya maneno isiyoandikwa popote haitoshi kama sheria ya mahali hapo inataka mahakama. Ikigundulika kwamba talaka ya zamani ilikamilika baada ya tarehe ya ndoa ya sasa, ndoa ya sasa haikuwahi kuwepo kisheria, hata kama mmeishi vizuri miaka 4 na mna watoto. Dawa yake mara nyingi ni kufunga ndoa upya na kuanza ombi upya. Inauma, na inazuilika kwa kulinganisha tarehe mbili tu kabla ya kupeleka fomu.

Saa, tarehe na undugu

Makosa mengi ya wasemaji wa Kiswahili kwenye usaili ni ya lugha. Wamarekani huandika mwezi kwanza, kisha siku, hivyo 03/07 ni tarehe 7 Machi. Hati ya nyumbani yenye 03/07 ni tarehe 3 Julai. Anayejaza fomu kwa haraka huhamisha namba zilivyo, na mtu anakuwa na siku mbili za kuzaliwa kwenye faili moja. Pitieni kila tarehe ambayo namba ya siku haizidi 12.

Saa ni mtego mwingine. Mke anaulizwa mumewe hurudi kazini saa ngapi, anajibu saa kumi na moja jioni. Mkalimani asiye makini anaitafsiri kama saa 11 kwa hesabu ya Kiingereza, na mume akija kusema anarudi saa 5 kwa hesabu hiyohiyo, wanaonekana hawaishi nyumba moja. Kubalianeni kwamba mbele ya ofisa mtatumia hesabu ya Kimarekani, na kila mara mtataja kama ni asubuhi, mchana au usiku.

Halafu undugu. Kwetu baba mkubwa ni baba, mama mdogo ni mama, mtoto wa kaka ni mtoto wangu, na binamu ni ndugu. Ofisa anahesabu kwa kipimo chake: baba ni mmoja, aliye kwenye cheti cha kuzaliwa. Mume anapoulizwa mkewe ana ndugu wangapi akajibu tisa, na mke akajibu wanne, tofauti ni watoto wa mama mkubwa waliokulia nyumba moja. Kabla ya siku hiyo chorani ukoo wa kila upande kwa kipimo cha ofisa: waliozaliwa na baba na mama huyohuyo, wa baba mmoja, wa mama mmoja. Mkiulizwa, tajeni hivyo.

Anayehitaji mkalimani aje naye mwenyewe. Mkalimani hutia sahihi fomu G-1256 mbele ya ofisa, huonyesha kitambulisho na kula kiapo. Wakili wenu hawezi kuwa mkalimani wenu, wala shahidi wa kesi hawezi. Msitegemee mume kumtafsiria mke, kwani yeye ni sehemu ya jambo linalochunguzwa, na ofisa anaweza kukataa mkalimani anayeona hafai, usaili ukaahirishwa. Tafuteni mtu mzima asiye na masilahi, anayejua Kiswahili chenu: mkalimani wa Mombasa na mwombaji wa Lubumbashi wanaweza kupishana kwa maneno ya kila siku. Na kama Kiingereza chako ni cha kusukuma, usijikaze kwa kuona haya. Anayeitikia swali ambalo hakulielewa ameapa kwamba jibu hilo ni kweli.

Faili la kubeba

Bebeni hati halisi na nakala ya kila moja. Halisi ni za kuonyesha, nakala ni za kuacha. Ya lazima: barua ya wito, vitambulisho vyenye picha, pasipoti zote za mwombaji zikiwemo zilizoisha muda, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, hati za kumaliza ndoa za zamani, uthibitisho wa uraia wa mwenzake, rekodi ya kuingia nchini I-94, na kadi ya kazi au kibali cha kusafiri kama vilishatolewa. Hati iliyo kwa lugha isiyo Kiingereza iende na tafsiri kamili, pamoja na tamko lililotiwa sahihi na mtafsiri kwamba tafsiri ni sahihi na kwamba anazimudu lugha hizo.

Ripoti ya afya I-693 sasa hupelekwa pamoja na I-485 yenyewe. Utaratibu huo ulianza tarehe 2 Desemba 2024. Walioomba kabla ya hapo bila kuiweka wasingoje kuulizwa. Daktari awe ameidhinishwa na USCIS, na bahasha aliyoifunga isifunguliwe na mtu mwingine.

Udhamini husahaulika kwa sababu watu huuona ni jambo lililokwisha. Kipato cha mdhamini kinatakiwa kifikie asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu kwa idadi ya watu wa nyumba hiyo. Kwa mwaka 2025, kaya ya watu 2 katika majimbo 48 yaliyoungana, hiyo ilikuwa takriban dola 26,437 kwa mwaka. Askari aliye kazini anayemwombea mwenzi wake hupimwa kwa asilimia 100. Kama raia amebadili kazi tangu fomu iende, bebeni barua ya mwajiri mpya na hati za mshahara za miezi ya karibuni. Kama mwaka wa kodi umegeuka, bebeni ritani mpya, yaani taarifa ya kodi ya mapato ya mwaka, na W-2, hati ya mwajiri ya mshahara wa mwaka. Kipato kikiwa kimeshuka, njooni na mdhamini wa pamoja aliyekwisha kujaza I-864 yake. Huyo mdhamini aelezwe ukweli: wajibu wake hauishi kwa talaka. Unaendelea mpaka mwombaji apate uraia, afikishe robo mwaka 40 za kazi (kama miaka 10), aondoke nchini kwa kuacha ukaazi, au afariki.

Sasa ushahidi wa maisha ya pamoja. Anachotafuta ofisa ni kama mlipooana mlikusudia kujenga maisha pamoja. Ugomvi wa baadaye au hata kutengana kwa muda hakuifanyi ndoa kuwa ya uongo tangu mwanzo. Leteni hasa vilivyojiri baada ya kupeleka maombi, kwani vya kabla wanavyo. Mkataba wa pango wenye majina mawili, taarifa za akaunti ya pamoja zinazoonyesha pesa ikiingia na kutumika kwa chakula, kodi na umeme, bima ya gari na ya afya, ritani ya kodi ya pamoja, jina la mwenzi kama mrithi wa bima ya maisha au mafao ya kazini. Akaunti iliyofunguliwa mwezi mmoja kabla ya usaili ikiwa na dola 100 zisizosogea haimshawishi mtu. Wala pipa la karatasi halisaidii: miezi 12 ya taarifa za benki zilizopangwa kwa tarehe hueleza zaidi kuliko kurasa 300 zilizochanganyika. Picha 15 au 20 zinatosha, za misimu tofauti, zikiwa na ndugu na marafiki, kila moja ikiwa na tarehe, mahali na majina nyuma.

Wapo wasio na hati hizi kwa sababu halali. Mwombaji asiye na namba ya hifadhi ya jamii hakuweza kuingizwa benki. Mwenye nyumba alikataa kuongeza jina. Mume anaendesha lori na analala njiani siku 20 za mwezi. Elezeni hivyo kwa maandishi mafupi na mlete kilichopo: barua zilizofika kwa majina yenu kwenye anwani moja, kadi za kliniki zinazomtaja mwenzi, risiti, tiketi za basi za kumfuata, viapo vya watu wanaowajua. Mnaoishi miji miwili kwa ajili ya kazi msijifanye mnaishi nyumba moja. Uongo huo mdogo umeangusha ndoa nyingi za kweli.

Chumbani

Fikeni dakika 15 kabla ya saa mliyopangiwa, si zaidi ya hapo. Kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege, simu huzimwa, na kurekodi hakuruhusiwi. Ofisa atawaomba mnyanyue mkono wa kulia muape kusema kweli, ataangalia vitambulisho, kisha atapitia fomu. Usaili ulio mwepesi humalizika kwa nusu saa hivi.

Maswali kuhusu ndoa huanza kwa upole: mlikutana wapi, nani alimtongoza nani, harusi ilihudhuriwa na nani, jana jioni mlikula nini, nani hulipa bili gani. Kila mmoja ajibu lake. Mume anayemjibia mke kwa nia njema, au mke anayemtazama mume kabla ya kusema, huonekana kama wamefundishana. Jibu swali lililoulizwa, kisha nyamaza. Usilolijua sema hulijui; usilolikumbuka sema hulikumbuki. Kubahatisha ni kubaya kuliko kutojua, kwa sababu kukisia kwako kutawekwa kando ya jibu la mwenzako.

Sehemu ndefu ni maswali ya ndiyo au hapana ya fomu I-485, kuhusu ukamataji, uhalifu, kodi, vita, ugaidi na mengineyo. Watu huyachoka na kujibu hapana, hapana, hapana, kama wimbo. Yasikilizeni. Swali la kukamatwa linahusu kila mara ulipokamatwa au kushtakiwa, hata kesi ilipofutwa, hata ulipoambiwa rekodi imefungwa. Leta hati ya mahakama iliyothibitishwa inayoonyesha kesi iliishaje. Swali la kujidai raia wa Marekani ni zito kuliko linavyosikika: aliyeweka alama kwenye kisanduku cha raia katika fomu ya ajira I-9 ili apate kazi, au aliyejiandikisha kupiga kura alipokuwa akichukua leseni, anaweza kufungiwa milele kwa madai ya tarehe 30 Septemba 1996 au baadaye, na kwa njia hii ya grini kadi ya familia hakuna msamaha wa kawaida. Mwenye shaka juu ya hili aonane na wakili kabla, asisubiri kiapo.

Kama ofisa haridhiki, anaweza kuwatenganisha, papo hapo au kwa wito wa pili. Watu huuita usaili wa Stokes, kutokana na kesi ya New York iliyomalizika kwa makubaliano ya mahakama mwaka 1976, yaliyoweka utaratibu wa usaili wa aina hiyo kwa ofisi ya mji huo. Mmoja huulizwa peke yake, kisha mwingine maswali yaleyale, mara nyingi kwa kurekodiwa: nani aliamka kwanza leo, kengele ililia saa ngapi, pazia la chumbani ni la rangi gani, mliingia na gari lipi. Tofauti zinapojitokeza mwombe nafasi ya kuzieleza. Tofauti moja mbili ni za kibinadamu. Zinazoumiza ni zile zinazogusa kitu ambacho wakaao pamoja hawawezi kupishana, kama vile kuna mtu wa tatu anayelala kwenye nyumba hiyo. Msitie sahihi karatasi msiyoielewa, hasa karatasi ya kuondoa ombi la I-130. Mnaweza kuomba wakili aisome kwanza.

Kwa waliooana kwa makaratasi tu: adhabu ya jinai hufika miaka 5 jela na faini ya dola 250,000, na mgeni aliyehusika hawezi tena kuidhinishiwa ombi la familia maishani, hata akija kuoa kwa dhati na kupata watoto.

Na aliye katika ndoa ya kipigo au vitisho ajue halazimiki kuketi kando ya anayemtesa na kutabasamu. Sheria inampa nafasi ya kujiombea mwenyewe kwa fomu I-360, kwa siri, bila mwenzi kuarifiwa. Wanaume pia wamo katika sheria hiyo.

Wenye hatari ya kukamatwa

Mwenzi wa raia aliyeingia kwa viza kisha akapitiliza muda bado anaweza kupewa grini kadi. Sheria imemwekea mlango huo. Lakini kuwa na ombi linalosubiri si hadhi ya ukaazi. Novemba 2025 vyombo vya habari viliripoti wanandoa wa raia waliokamatwa ndani ya ofisi ya San Diego walipokwenda kusailiwa. Mwenye amri ya kufukuzwa nchini yuko hatarini zaidi, na wengine hawajui kwamba wanayo, kwa kuwa barua ya mahakama ilikwenda kwenye anwani ya zamani. Ingizeni namba ya A ya mwombaji, yaani namba ya faili lake la uhamiaji inayoanza na herufi A, kwenye mfumo wa mtandaoni wa mahakama za uhamiaji muone kama kuna kesi. Ikiwepo, msiende bila wakili. Raia awe na nakala za hati zote nyumbani, namba ya wakili iwe kichwani na si kwenye simu, na mipango ya kumchukua mtoto shuleni iwe imeshapangwa.

Pia Desemba 2025 USCIS ilisitisha maamuzi ya maombi ya raia wa nchi kadhaa, zikiwemo Somalia na Burundi. Orodha hizo hubadilika, hivyo ziangalieni wiki ya usaili.

Baada ya kutoka

Wengine huambiwa palepale kwamba ombi limekubaliwa. Wengi hupewa karatasi inayosema faili linaendelea kupitiwa, na hilo halimaanishi mmeanguka. Zile siku 120 zinazotajwa sana ni za ombi la uraia. Hazimfungi ofisa wa grini kadi. Ikija barua ya kutaka ushahidi zaidi, muda huwa hadi siku 84, pamoja na siku 3 za posta, na jibu ni moja tu: kusanyeni kila kitu mtume kwa mkupuo, kwani nusu ya jibu huhesabiwa kuwa jibu zima. Barua ya kusudio la kukataa ni nzito zaidi, ina siku 30 na 3 za posta, na hairefushwi. Hiyo msiijibu peke yenu. Katika kipindi chote hiki mwombaji asitoke Marekani bila kibali cha kusafiri, maana kwa wengi kutoka ni kuliua ombi.

Kadi ikifika, soma jina, tarehe ya kuzaliwa, kisha msimbo wa kundi. Siku ukaazi ulipokubaliwa, kama ndoa ilikuwa haijatimiza miaka 2, kadi huwa ya masharti, CR6, ya miaka 2. Kama ilishatimiza, ni IR6 ya miaka 10. Hesabu ni ya siku ya kukubaliwa, si siku ya kupeleka maombi, na kadi hukosewa. Wenye maadhimisho ya miaka 2 yaliyopita wiki chache kabla ya idhini waangalie msimbo huo siku ileile na kuomba masahihisho kama umekosewa. Wenye CR6 wahesabu siku 90 kurudi nyuma kutoka tarehe ya kadi kuisha: katika dirisha hilo ndipo fomu I-751, ya kuomba masharti yaondolewe, hupelekwa, kwa sahihi za wote wawili, na ushahidi wa miaka hiyo miwili. Mkataba wa pango na taarifa za benki za mwezi huu zianze kuwekwa kwenye bahasha yake sasa.